Mgombea wa kusindikiza anashindaje mchujo wa urais?

Kila wiki sasa hivi kuna mtu anarusha kwenye magrupu jedwali jipya la tafiti za maoni za Marekani 2028, mara Gavin Newsom kapanda, mara Pete Buttigieg kashuka, Kamala Harris bado yupo yupo, halafu upande wa Republican JD Vance kawaacha wenzake mbali mpaka watu wanaongea kama vile kashaapishwa. Hapo mabishano ni ya siku nzima. Wakati huo huo kuna habari nyingine imepita bila mtu hata kuweka emoji: chama cha Democratic kinapanga upya majimbo yapi yatangulie kwenye kura za mchujo za 2028, na majimbo yamepeleka maombi kwenye kamati ya kanuni ya chama, kila moja linajinadi kwamba lenyewe ndo linafaa kufungua dimba. Watu wameona ni kazi za makarani. Mimi naona hiyo ndo habari yenyewe na lile jedwali ni burudani. Ukiwapitia wagombea waliodharauliwa wakaja kushinda mchujo wa urais, wengi wao walibebwa na ratiba na namna wajumbe wanavyohesabiwa, vitu ambavyo wanaodharau huwa hawavisomi kabisa.

Kwanza tuweke sawa jambo moja ambalo linasahaulika kirahisi, Marekani haina siku moja ya mchujo. Kuna chaguzi zaidi ya 50, jimbo kwa jimbo na yale maeneo yasiyo majimbo, zinaanza mwanzoni mwa mwaka zinaisha Juni, kila moja inatoa wajumbe wake, na wajumbe hao ndo wanampitisha mgombea kwenye mkutano mkuu. Kwa hiyo utafiti unaouliza watu wa nchi nzima "ungepiga kura leo ungemchagua nani" unapima uchaguzi ambao haupo na hautakuwepo. Mtu wa Ohio anayejibu swali hilo leo, siku yake ikifika nusu ya majina yaliyoko kwenye jedwali yatakuwa yameshajitoa, na mengine yatakuwa yamegeuka kabisa kwa sababu ya kilichotokea Iowa au South Carolina wiki kadhaa kabla yake.

Na hata huu utaratibu wenyewe sio wa siku nyingi. Mwaka 1968 Hubert Humphrey alipitishwa na Democrats kule Chicago bila kugombea mchujo hata wa jimbo moja, wakubwa wa chama walikaa wakampa. Nje ya ukumbi vijana wanapigwa virungu na polisi, ndani wazee wanagawana wajumbe. Baada ya aibu ile na baada ya kushindwa na Nixon chama kikaunda tume ya kurekebisha kanuni, na mwenyekiti wake alikuwa seneta wa South Dakota anaitwa George McGovern. Sasa sikiliza vizuri hapa. Mwaka 1972 McGovern huyo huyo akagombea, kwenye tafiti alikuwa hana kitu, kinara alikuwa Edmund Muskie, kila mkubwa wa chama alikuwa kwa Muskie. Muskie akashinda New Hampshire lakini kwa ushindi mdogo kuliko uliotarajiwa, ikaonekana kama kashindwa, akaanza kuporomoka. McGovern akachukua tiketi kwa sababu timu yake ilizijua kanuni mpya kuliko mtu yeyote, na wangeshindwaje kuzijua wakati mzee wao ndo alizisimamia zikiandikwa? Kwamba baadaye alichapwa na Nixon majimbo 49 ni hadithi nyingine, na nitairudia kidogo mbele.

Miaka minne baadaye akaja Jimmy Carter, gavana mstaafu wa Georgia, mkulima wa karanga, ambaye jina lake lilikuwa linaulizwa kwa dhihaka, Jimmy nani? Watu wake waligundua kwamba Iowa, jimbo la wakulima ambalo lilikuwa limeanza kutangulia 1972 tu, linafanya mchujo kwa vikao vya jioni mashuleni na majumbani, watu wachache, hakuna haja ya hela nyingi, kuna haja ya mtu kwenda kukaa na watu jikoni kwao. Carter akaenda akakaa. Januari 1976 matokeo yalipotoka aliyeshika namba moja kusema kweli alikuwa hakuna mtu, yaani waliosema hawajaamua walikuwa asilimia 37 na Carter akawa na kama 28. Lakini magazeti hayawezi kuweka picha ya "hawajaamua" ukurasa wa mbele. Yakaweka ya Carter. Kuanzia hapo jina likajulikana, hela ikaingia, na Novemba akawa rais.

Obama ndo mfano ambao kila mtu anao kichwani, na ndo mfano unaosimuliwa vibaya kuliko yote. Simulizi ya kawaida ni kwamba jamaa alikuwa na kipaji cha kuongea, nchi ikampenda, basi. Kipaji alikuwa nacho, sibishi. Ila mwishoni mwa 2007 Hillary Clinton alikuwa anamuacha kwa zaidi ya pointi 20 kwenye tafiti nyingi za nchi nzima na hotuba Obama alikuwa anatoa zile zile. Kilichobadilika ni Iowa, Januari 3, 2008, alipopata karibu asilimia 38 na Hillary akawa wa tatu nyuma ya John Edwards. Kabla ya siku hiyo wapiga kura weusi wengi wa South Carolina walikuwa bado wanasita, sio kwamba hawampendi, walikuwa hawaamini kama wazungu watampigia. Iowa, jimbo ambalo karibu lote ni wazungu, likawajibu. Sasa jiulize ratiba ingekuwa imeanza na California au New York, tungekuwa tunamzungumzia Obama gani leo?

Halafu kuna ile hesabu ya Februari 5 mwaka huo ambayo kwangu inamaliza ubishi. Siku ile New Jersey walipiga kura watu zaidi ya milioni moja, Hillary akashinda, akapata wajumbe 59 na Obama 48, faida ya wajumbe 11. Siku hiyo hiyo Idaho, jimbo ambalo Democrat yeyote anajua Novemba hashindi, watu kama elfu 20 hivi walikwenda kwenye vikao, Obama akapata wajumbe 15 na Hillary 3, faida ya 12. Soma tena. Idaho ilimpa Obama zaidi ya New Jersey ilivyompa Hillary. Kambi ya Hillary walipigania majimbo makubwa kama vile mshindi anabeba wajumbe wote, wakati kwa Democrats wajumbe wanagawanywa kwa uwiano, ukishinda kwa pointi kumi unaambulia tofauti ya wajumbe wachache tu. Obama alituma watu Idaho miezi mingi kabla. Hiyo haipo kwenye video yoyote ya hotuba zake.

Upande wa Republican kanuni ni nyingine na zilitoa mtu mwingine. Baada ya Mitt Romney kuburuzwa muda mrefu kwenye mchujo wa 2012 wakubwa wa chama waliamua 2016 mchujo uishe mapema, ratiba ikafupishwa, na majimbo machache ya mwanzo kama South Carolina, halafu mengine kuanzia katikati ya Machi, yakaruhusiwa kumpa mshindi wajumbe wote. Lengo lilikuwa kinara mwenye heshima zake, mtu wa aina ya Jeb Bush, amalize kazi haraka. Wagombea wakawa 17. South Carolina Trump alipata asilimia 32 na ushee, theluthi moja tu ya kura, akabeba wajumbe wote 50. Florida alipata chini ya asilimia 46 akabeba wote 99. Ukiwapa wagombea wale wale na kura zile zile kwa kanuni za Democrats, mchujo unaenda mpaka Juni na labda mpaka mkutano mkuu. Jeb mwenyewe, ambaye kamati iliyokuwa inamsaidia ilikusanya zaidi ya dola milioni 100, alitoka usiku ule ule wa South Carolina.

Na msidhani kudharauliwa ni kwa wageni tu. Joe Biden 2020 alikuwa makamu wa rais miaka minane, na bado Februari mwaka ule alishaandikiwa tanzia: wa nne Iowa, wa tano New Hampshire, usiku wa New Hampshire hakusubiri hata matokeo akapanda ndege kwenda South Carolina. Alikuwa anajua kitu ambacho ratiba ilikuwa inakijua, kwamba majimbo mawili ya kwanza hayana watu weusi wa kutosha na la nne limejaa. James Clyburn, mbunge mweusi mwenye ushawishi mkubwa South Carolina, akamuunga mkono hadharani, tarehe 29 Biden akashinda kwa karibu asilimia 49, ndani ya siku mbili Buttigieg na Amy Klobuchar wakajitoa wakahamia kwake, na Jumanne Kuu ya Machi 3 akachukua majimbo 10 kati ya 14. Siku tatu. Alipokuwa rais alifanya nini? Chama kikaitanguliza South Carolina kwenye ratiba ya 2024. Aliyeokolewa na ratiba alijua thamani yake.

Sasa kuna msomaji ameshaanza kusema hayo ni mambo ya Wamarekani, huku kwetu kila kitu kinapangwa chumbani. Sawa, ngoja tuje Dodoma, Julai 2015. Waliorudisha fomu za kuomba kugombea urais kupitia CCM walikuwa 38. Edward Lowassa alitangaza nia Arusha, uwanja ukafurika, na kwenye kutafuta wadhamini ambapo kanuni ilitaka 450 tu, yeye alirudi na mamia ya maelfu. Kila mtu alisema mzee kamaliza. John Magufuli, waziri wa ujenzi, alichukua fomu kimya kimya, hana shamrashamra, hana kambi inayojulikana, na kwenye vijiwe vya kahawa alikuwa kundi la wasindikizaji. Lakini utaratibu wa CCM una ngazi tatu: Kamati Kuu inachuja inabakiza watano, Halmashauri Kuu inabakiza watatu, Mkutano Mkuu unachagua mmoja. Nguvu ya Lowassa ilikuwa ngazi ya pili na ya tatu, kwa wajumbe. Jina lake likakatwa ngazi ya kwanza. Wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba kwamba wana imani na Lowassa mbele ya mwenyekiti wao Kikwete, wajumbe watatu wa Kamati Kuu (Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa) wakatoka hadharani kupinga, haikusaidia kitu. Na huyo Nchimbi leo ni makamu wa rais, siasa ina vituko. Watano walikuwa Magufuli, Bernard Membe, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Hasira za kambi ya Lowassa zikawa hazina pa kwenda, na hawakuwa tayari kumpa kura yeyote waliyemuona adui, hasa Membe ambaye walimuona ndo mbaya wao. Wakabaki Magufuli na akina mama wawili, na Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, asilimia 87.

Tunapenda kusema "wajumbe sio watu", na ni utani mzuri, ila Dodoma ile wajumbe hawakumsaliti Lowassa hata kidogo. Hawakupewa nafasi ya kumpigia. Aliyeshinda ni mtu ambaye hakuwa na adui wa kutosha katika ngazi yoyote kati ya zile tatu, na kwa mchujo wa aina ile hiyo ni mali kubwa kuliko uwanja uliojaa.

Nije kwenye hoja za wanaobisha. Iliyo dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndo inayopendwa zaidi, ni kwamba tafiti zinapikwa, kwamba wanaodharauliwa wanashinda kwa sababu namba zilikuwa za uongo tangu mwanzo. Hii inaanguka kwa mfano mmoja tu ambao wenyewe wanaupenda, Trump. Trump alitangaza Juni 2015, Julai alikuwa anaongoza tafiti za Republican, na ukitoa siku chache za Ben Carson aliendelea kuongoza mpaka mwisho. Namba zilisema ukweli miezi saba kabla ya kura ya kwanza. Waliokataa kuamini ni wachambuzi, Huffington Post walifikia kuhamishia habari zake kwenye ukurasa wa burudani. Kwa Obama nako namba hazikudanganya, Hillary kweli alikuwa anaongoza nchi nzima siku zile. Tatizo ni kwamba alikuwa anaongoza shindano ambalo halichezwi. Ukisema tafiti zinapikwa unajipa ruhusa ya kutofikiri, maana hata ukikosea unasema walipika.

Hoja yenye nguvu ni ile nyingine, kwamba jina, hela na baraka za wakubwa ndo vinashinda mara nyingi, na akina Carter ni wachache tunaowakumbuka kwa sababu ni wachache. Hapa sina ubishi mkubwa. Walter Mondale 1984, Bob Dole 1996, Al Gore na George W. Bush 2000, Hillary 2016, Trump 2024, wote walikuwa vinara na wote walipita. Na kwa kila Carter kuna kaburi la akina Herman Cain, Michele Bachmann, Howard Dean. Kwa hiyo mtu akikwambia mgombea fulani ana asilimia 2 na kwa hiyo atashinda kama Obama, mkimbie. Lakini hoja hii ina shimo lake. Rudy Giuliani aliongoza tafiti za Republican karibu mwaka mzima wa 2007, akaamua kuruka majimbo ya mwanzo asubiri Florida, na ilipofika Florida alishasahaulika, akatoka bila kushinda jimbo hata moja. Michael Bloomberg 2020 alimwaga kama dola bilioni moja, akaruka majimbo manne ya kwanza, akaambulia ushindi kwenye visiwa vidogo vya American Samoa tu. Wote wawili walikuwa na jina, wote wawili walikuwa na watu wa maana nyuma yao, na wote walifanya kosa lile lile la kudhani ratiba itawasubiri. Ron DeSantis naye 2024 alikuwa na hela na jina, akaweka nguvu zake Iowa, akawa wa pili kwa mbali sana, kwisha.

Kuna mfano mmoja unanisumbua na sitaki kuuficha. Zohran Mamdani, kijana aliyezaliwa Kampala, utafiti mmoja wa Februari 2025 ulimpa asilimia 1 kwenye mchujo wa umeya wa New York, na Juni akamshinda Andrew Cuomo, gavana wa zamani. Mwanzoni ilikuwa rahisi kusema ni kanuni, maana New York mpiga kura anapanga wagombea kwa namba na Mamdani na mgombea mwenzake Brad Lander waliombeana kura. Ila ukiangalia raundi ya kwanza peke yake, kabla ya kuhamisha kura yoyote, tayari alikuwa anaongoza kwa pointi saba hivi. Pale kanuni haikuamua, kampeni iliamua. Umeya wa jiji moja sio mchujo wa majimbo 50, na yeye kwa kuzaliwa Uganda urais hauruhusiwi kwake, lakini anapunguza uhakika wa mtu yeyote anayetaka kueleza kila kitu kwa ratiba, mimi nikiwemo.

Na ni lazima niirudie ile ya McGovern. Kuzijua kanuni kunakupa tiketi, hakukupi nchi. Alipata Massachusetts na Washington DC tu. Magufuli alipata asilimia 58 mbele ya Lowassa aliyehamia Chadema, lakini alikuwa na mashine nzima ya chama tawala nyuma yake. Chama kikitoa mtu aliyepenya kwenye matundu ya ratiba, kinatakiwa kijiulize kama huyo mtu ana watu nje ya chama, na mara nyingi hakuna muda wa kujiuliza.

Kwa hiyo tukirudi 2028, mimi nasoma hivi. Buttigieg ana tatizo la wapiga kura weusi tangu 2020 na halijaisha, akianzia New Hampshire anapata nafasi ya kujenga kasi kabla tatizo halijaonekana, akianzia South Carolina linaonekana siku ya kwanza. Na New Hampshire ina sheria yake ya jimbo inayoitaka itangulie, 2024 ilikataa amri ya chama ikapiga kura kivyake, jina la Biden halikuwepo kwenye karatasi na watu wakaliandika kwa mkono akashinda. Ikifanya hivyo tena kwenye mchujo wenye wagombea kumi na kitu itakuwa fujo, na fujo inamfaa asiye na jina. Gavana yeyote wa jimbo dogo anayesoma hii angekuwa anapeleka watu Nevada, jimbo jingine linalowania kutangulia, sasa hivi badala ya kuhangaika na podikasti. Kwa Republicans hali ni tofauti, zile kanuni za mshindi kubeba wote zinamfaa Vance kama akianza na theluthi tu ya kura na wapinzani wakiwa wengi, ila umakamu wa rais peke yake haumalizi kazi, Mike Pence alijitoa Oktoba 2023 kabla hata kura moja haijapigwa. Kitakachomtisha Vance ni mpinzani mmoja tu kubaki mapema, kitu ambacho wale 16 waliopambana na Trump hawakuweza kukubaliana.

Wakenya nao wana lao 2027, na huko ndo ninaona watu wanajadili majina kuliko popote. Mwaka 2002 mgombea wa upinzani alipatikana kwa Raila kusimama Uhuru Park akasema Kibaki tosha, hapakuwa na kura yoyote. Mwaka 2007 ODM walikwenda Kasarani wakapiga kura, Raila 2,656, Mudavadi 391, na wa tatu akawa kijana mmoja wa Eldoret aliyepata 368, ambaye leo ndo rais. Mtindo wa kwanza unampa tiketi yule ambaye mwenye nguvu ameamua kumwachia, wa pili unampa mwenye wajumbe wengi ukumbini. Kalonzo, Matiang'i na wenzao wa upinzani wanatamba kila mmoja kwa umati wake, na hakuna anayewauliza watachujana kwa mtindo upi na orodha ya wajumbe ataiandika nani.